Kiti cha televisheni hupimwa kwa kusimama, si kwa kukaa

UKIINGIA katika sebule nyingi siku hizi, kitu cha kwanza kukulaki ni televisheni. Ile ya zamani iliyokuwa na kisogo kirefu imekwenda zake, na mahali pake pamechukuliwa na kioo kipana cha inchi 43, 55 au hata zaidi. Kando yake zimesimama spika nne au tano. Jumamosi jioni, Arsenal au Manchester United inapocheza, sebule hugeuka kuwa jumba la sinema na jirani huja na watoto wake.

Lakini je, ndugu msomaji, siku uliyonunua televisheni hiyo ulifikiria utaketi wapi ukiitazama?

Wengi wetu hatukufikiria. Dukani tuliuliza inchi za kioo na nguvu za spika. Tulipokwenda kwa fundi seremala kuagiza viti, tuliuliza rangi ya kitambaa, tukaulizwa kama tunataka seti ya watu watano au saba, tukalipa arubuni tukaondoka. Hakuna aliyetupima miguu. Fundi wa nguo hukupima kiuno kabla ya kukata kitambaa, ilhali suruali utaivaa siku moja kwa juma. Kochi utalikalia kila jioni kwa miaka kumi.

Nikupe mfano wa familia moja ninayoijua. Kijana alinunua kochi pana, laini, lile la kuzama. Nyanya yake alipokuja kuwatembelea kutoka mashambani, alipewa nafasi ya mbele kabisa ili aone habari vizuri. Siku ya kwanza alifurahi. Siku ya pili waliona hataki chai ya jioni. Siku ya tatu alikataa hata maji tangu saa kumi na moja. Walidhani ni mgonjwa, au labda ameudhika na mke wa mjukuu wake. Kumbe mama huyo mzee alikuwa akihesabu mara ambazo angelazimika kuinuka kwenda msalani. Kila alipotaka kusimama ilibidi avutwe mikono na watoto, nao watoto walikuwa wakicheka.

Hapo ndipo lilipo somo letu la leo. Kiti chochote ni kitamu unapokikalia kwa dakika mbili dukani. Uzuri wake hujulikana wakati wa kusimama. Kiti kinachokuruhusu kuinuka bila taabu mara nyingi ndicho hicho hicho kinachokufanya ukae vizuri, na pia ndicho kitakachokufanya uinuke mara kwa mara, jambo ambalo mwili wako unalihitaji kuliko unavyodhani.

Kimo na kina cha kiti

Keti kitini, uegemee hadi nyuma kabisa, kisha uangalie miguu yako. Nyayo zote mbili zinafaa kulala sakafuni, na magoti yawe sawa na nyonga au chini yake kidogo. Magoti yakipanda juu kuliko nyonga, kiti ni kifupi mno. Nyayo zikining'inia, ni kirefu mno na ukingo wake utakubana mapaja.

Kwa watu wazima wengi kimo cha inchi 16 hadi 18 kutoka sakafuni kinafaa. Wazee, wenye maumivu ya magoti au nyonga na akina mama wajawazito huhitaji kiti kirefu zaidi, inchi 18 hadi 20. Pima kiti kikiwa kimekaliwa, kwa sababu sponji hubonyea na kimo kikapungua.

Kisha pima kina, yaani umbali kutoka ukingo wa mbele hadi maegemeo. Ukiwa umeegemea, vidole viwili au vitatu viweze kupita kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti lako. Visipopita, kiti ni kirefu kuelekea nyuma. Utafanya mojawapo ya mambo mawili: ama ubanwe damu nyuma ya magoti, ama usogee mbele na kuacha mgongo ukining'inia hewani kama upinde. Kina cha inchi 20 hadi 22 huwatosha wengi. Makochi mengi ya kisasa yana inchi 25 na zaidi, na hayo ni ya kulalia wala si ya kukalia. Ikiwa tayari unalo la namna hiyo, usilitupe. Weka mto mgumu nyuma ya mgongo ili kina kipungue.

Hapa Kenya tuna bahati ambayo wenzetu wa nchi nyingine hawana. Viti vyetu vingi hutengenezwa na mafundi wa jua kali, huko Gikomba na kwingineko, kwa agizo la mteja. Fundi hatadai pesa nyingi zaidi kwa sababu umemwambia inchi 18 badala ya 15. Anachohitaji ni kuambiwa mapema, kabla mbao hazijakatwa.

Maegemeo, mikono na sponji

Katika miaka ya 1960 daktari mmoja wa Uswidi aitwaye Alf Nachemson alipima shinikizo ndani ya vile visahani laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo. Alionyesha kuwa mtu anayeketi bila kuegemea, hasa akiinama mbele, huulemea uti wake wa mgongo kuliko anaposimama wima. Mtu akiegemea nyuma kidogo na kiuno kikapata cha kukishikilia, mzigo huo hupungua.

Basi tafuta maegemeo yanayolala nyuma kidogo tu, yenye uvimbe au mto mdogo unaoingia kwenye mbonyeo wa kiuno. Kwa kutazama sinema ya saa mbili, maegemeo yafike walau kwenye mabega. Yakifika kichwani ni bora zaidi kwani shingo nayo hupumzika.

Mikono ya kiti si pambo. Ndiyo ngazi ya mzee. Iwe imara, isiyotikisika, na ifike mbele karibu na ukingo wa kiti ili mtu aishike anapojisukuma kuinuka. Urefu wa inchi 7 hadi 9 juu ya kikalio hufaa wengi. Mikono minene ya sponji tupu hupendeza macho lakini haimsaidii mtu.

Kuhusu sponji, fanya jaribio hili. Bonyeza kikalio kwa ngumi kwa nguvu. Ukigusa ubao au springi, sponji hiyo ni nyepesi na baada ya miezi michache utakuwa umekalia shimo. Mwambie fundi atumie sponji nzito, nawe uione kabla ya kushonewa kitambaa.

Vipo pia viti vinavyolala nyuma na kuinua miguu. Ni vizuri kwa wengi, lakini chunguza mambo mawili. Kwanza, vyuma vilivyo chini yake vinaweza kubana vidole vya mtoto anayecheza hapo. Pili, vingine huendeshwa kwa umeme. Stima ikipotea kiti kikiwa kimelala, babu atabaki hapo miguu juu hadi irudi. Uliza kama kina betri ya akiba au namna ya kukirudisha kwa mkono.

Televisheni ifuate macho

Baada ya kupata kiti, ndipo utundike televisheni. Wengi hufanya kinyume. Huitundika juu ya kabati karibu na dari, kama inavyofanywa mikahawani ili wateja waliosimama waione. Nyumbani hakuna anayesimama. Matokeo yake ni familia nzima kuinua videvu kwa saa tatu, halafu asubuhi mtu analalamika shingo imekaza na kusingizia mto wa kulalia.

Keti kwenye kiti chako jinsi unavyoketi kila siku, kisha mwenzako apime kutoka sakafuni hadi kwenye macho yako. Kwa watu wazima wengi itakuwa kati ya futi 3 na inchi 4 hadi futi 4. Katikati ya kioo kuwe hapo au chini yake kidogo. Kwa televisheni ya inchi 55, ambayo kioo chake kina kimo cha kama inchi 27, ukingo wa chini utakuwa futi mbili na kitu kutoka sakafuni.

Umbali nao una hesabu yake. Chukua inchi za televisheni, ambazo hupimwa kutoka pembe hadi pembe, uzidishe kwa moja na nusu. Hapo ndipo karibu zaidi pa kuketi. Uzidishe tena kwa mbili na nusu, na hapo ndipo mbali zaidi. Kwa inchi 32 ni kama futi 4 hadi 6 na nusu. Kwa inchi 43 ni kama futi 5 na nusu hadi 9. Kwa inchi 55 ni futi 7 hadi 11 na nusu. Ikiwa sebule yako ni ndogo, huna haja ya kushindana na jirani mwenye kioo cha inchi 75.

Wazee wetu walituonya kwamba ukikaa karibu na televisheni utapofuka. Kulikuwa na moto uliotoa moshi huo. Mwaka 1967 kampuni ya General Electric huko Marekani ilizirudisha televisheni za rangi zipatazo 90,000 kwa kuwa zilikuwa zikitoa miale ya eksirei kupita kiasi. Televisheni za leo hazina hatari hiyo. Kukaa karibu huchosha macho tu. Hata hivyo, mtoto anayeng'ang'ania kusogea karibu na kioo kila mara mpeleke akapimwe macho. Huenda haoni mbali na hajui kulisema.

Mpangilio wa sebule

Sebule zetu zilipangwa kwa ajili ya wageni. Viti huzunguka kuta tatu na meza katikati, watu wakitazamana. Ni desturi nzuri na sikushauri uiache. Lakini televisheni ikiwa kwenye ukuta wa nne, wale walioketi pembeni hulazimika kupinda shingo upande mmoja jioni nzima.

Yapo masuluhisho yasiyohitaji pesa. Kochi kubwa lielekee televisheni moja kwa moja. Viti vya pembeni vizungushe kidogo, robo ya duara au pungufu, ili magoti ya anayeketi yaelekee kioo. Anayetazama kwa saa nyingi zaidi, au mwenye shida ya shingo, apewe nafasi ya katikati. Kama haiwezekani, badilishaneni nafasi wakati wa mapumziko ya mechi.

Acha njia ya futi tatu kutoka kila kiti hadi mlangoni, hasa panapokuwa na mtu anayetumia mkongojo au kiti cha magurudumu. Meza ya katikati iwe futi moja na nusu kutoka ukingo wa kochi, ili miguu ipate nafasi ya kurudi nyuma mtu anapoinuka. Waya za spika zisikatize njia. Zulia lenye pembe zilizokunjika liondolewe au libandikwe. Spika yenyewe isiwe ubavuni mwa sikio la mtu. Ukilazimika kupaza sauti ili aliye karibu nawe akusikie, punguza.

Wenye uwezo wa kujenga chumba maalum cha sinema huweka safu ya pili ya viti juu ya jukwaa ili walio nyuma waone. Hilo ni jambo jema, lakini kumbuka kwamba watu watashuka jukwaa hilo gizani. Weka taa ndogo ukingoni, na jukwaa likizidi inchi 7 lijengewe kidaraja.

Hata katika sebule ya kawaida usizime taa zote. Macho huchoka yanapotazama kioo kinachong'aa ndani ya giza totoro. Taa hafifu nyuma ya televisheni au kando yake inatosha. Mchana, usiweke kioo kikabiliane na dirisha, maana mng'ao utakulazimisha kuketi kombo.

Na wewe mwenye watoto wadogo, televisheni iliyosimama juu ya meza ni hatari. Mtoto hupanda droo au kuvuta waya, nayo ikamwangukia kichwani. Ifunge ukutani kwa skrubu au mkanda imara, na usiweke rimoti wala vitu vya kuchezea juu yake.

Damu isiyotembea

Sasa tufikie jambo lililo zito kuliko maumivu ya mgongo. Unapoketi, misuli ya mashavu ya miguu hulala. Misuli hiyo ndiyo pampu inayorudisha damu moyoni. Ikilala kwa saa nyingi, damu hutuama miguuni na yaweza kuganda. Donge likikatika na kusafiri hadi mapafuni, mtu anaweza kufa ghafla.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1940, London iliposhambuliwa kwa mabomu, daktari Keith Simpson aliandika kuhusu watu waliokufa hivyo baada ya kukaa usiku kucha kwenye viti katika mahandaki ya kujificha. Mwaka 1957 daktari wa Marekani, Meyer Naide, alieleza katika jarida la madaktari wa nchi hiyo habari za wagonjwa walioganda damu miguuni kwa kukaa muda mrefu mbele ya televisheni. Na mwaka 2016 watafiti wa Japani waliofuatilia watu zaidi ya 86,000 walitangaza kuwa waliotazama televisheni saa 5 au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa kwa donge la mapafuni mara mbili na nusu zaidi ya waliotazama chini ya saa mbili na nusu.

Usiogope kupita kiasi. Ugonjwa huu huwapata wachache. Lakini hatari huongezeka kwa mjamzito na aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji, mwenye saratani, anayetumia baadhi ya tembe za kupanga uzazi, mnene kupita kiasi, mzee, na aliyewahi kuganda damu zamani. Hao ndio mara nyingi tunaowaambia, "Wewe kaa tu, utaletewa kila kitu." Twadhani tunawapenda.

Dalili za kuangalia ni mguu mmoja kuvimba, kuuma kwenye shavu la mguu na kuwa na joto. Mtu akikosa pumzi ghafla, akaumwa kifua anapovuta hewa au akakohoa damu, mkimbize hospitalini saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo mwenye maumivu ya mgongo akifa ganzi sehemu za siri, akashindwa kuzuia mkojo au mguu ukalegea, asingoje kesho.

Kinga yake haina gharama. Inuka kila nusu saa. Tangazo la biashara likianza, simama. Nenda jikoni ukajiletee maji mwenyewe. Usipoweza kusimama, inua visigino na vidole kwa zamu, mara ishirini. Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba walio chini ya miaka 2 wasiketishwe mbele ya televisheni kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 kwa siku. Kwa watu wazima shirika hilo lilishauri mwaka 2020 angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, kama vile kutembea kwa haraka.

Kabla ya kulipa

Basi, ndugu msomaji, utakapokwenda kwa fundi au dukani, nenda na futi ya kupimia na uende na watu watakaoketi. Mchukue mfupi wa nyumba na mrefu wa nyumba, na kama yuko mzee, mchukue pia. Ketini dakika kumi bila aibu. Kisha kunja mikono kifuani usimame bila kujisukuma. Mzee ashike mikono ya kiti na asimame bila kuvutwa. Mkishindwa, kiti hicho si chenu, hata kikiwa na kitambaa cha dhahabu.

Wale niliokusimulia hawakuuza kochi lao. Walikwenda kwa seremala wa mtaani wakatengenezewa kiti kimoja cha mbao, kimo chake inchi 19, chenye mikono imara na mto mgumu. Wakakiweka kando ya kochi, kikielekea televisheni. Jioni ya kwanza nyanya alikikalia, akainuka, akakikalia tena, kana kwamba anakijaribu. Kisha akauliza kama chai imebaki.